Mzee wa Viazi

"Nakuoza wewe, Hanif bin Masykur, binti yangu Rahayuningsih, kwa mahari ya gramu tano za dhahabu na mavazi ya kuswalia, taslimu!"

Pak Kasmuri alilitamka hilo "taslimu" kwa nguvu hata mashine ya kusagia mihogo ikazidiwa. Alikuwa amesimama uani na fulana na msuli, mkono wa kulia ameunyoosha kumshika bwana harusi ambaye hayupo. Wafanyakazi wake wawili wa getuk, zile keki za mihogo, mikono imejaa nazi iliyokunwa, wakajifanya mashahidi na kuitikia pamoja, "Sahihi!" Wakacheka, naye akacheka. Harusi ilikuwa wiki mbili mbele, na mtaa mzima wa Karangsari tulishayahifadhi maneno hayo.

Mkewe, Bu Warsiti, akatoka jikoni akaizima mashine.

"Nyie wawili, kanunueni sukari."

"Sukari ipo, Bu."

"Kanunueni nyingine!"

Walipotoka, alimgeukia mumewe. "Baba Ning, hayo maneno huwezi kuyasema wewe."

"Kwani nina kigugumizi?"

"Jumamosi hukumsikia Kiai Zamroni? Kasoma ile aya ya watoto wa kulea, kwamba waitwe kwa baba zao. Nilikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzangu, nikahisi pazia zima linanitazama mimi." Aliketi juu ya gunia la mihogo. "Walii ni baba wa damu. Ukimwoza wewe, ndoa haipo. Ning ataishi na Hanif, watazaa, watazeeka, na mbele ya Mungu hawajaoana. Mwenyewe hajui. Tunaojua ni sisi, na dhambi tutaibeba sisi."

"Kadi ya familia inasema ni binti yangu."

"Kadi haiendi akhera."

Kwetu huku, mke na mume wakikaa miaka bila mtoto, wazee huwaambia wachukue mtoto wa ndugu wamlee, awe chambo. Mtoto huvuta mtoto. Ndivyo walivyofanya hawa. Binamu yake Warsiti, Parijo wa huko milimani, mkewe alifia kwenye uzazi akamwachia kichanga na watoto wengine wanne wasio na uji. Walimchukua yule kichanga akiwa bado mwekundu. Mwaka wa pili Warsiti akashika mimba, akazaliwa Arifin. Chambo kikanasa samaki. Sasa samaki yuko Surabaya anasoma uhandisi, na chambo anafanya kazi dirisha la dawa kwenye zahanati, na hakuna aliyewahi kumwambia.

"Sijamtofautisha na Arifin hata kwa kipande cha tempe sahanini," alisema Pak Kasmuri.

"Nani kakusingizia?"

"Basi twende kwa huyo Kiai. Si ndiye anayesema kila siku aya isomwe kwa muktadha wake? Aisome!"

* * *

Kiai Zamroni alipendwa, tusiseme uongo. Wengi walitoka barazani kwake na aya nyepesi kuliko walivyoingia nayo. Ndiye aliyewafungulia wasichana wa kiwanda cha nguo njia ya kufanya kazi zamu za usiku, pale waume na baba zao walipowarushia aya. Siku hiyo baraza ilijaa watu, na Kasmuri na mkewe wakasubiri zamu yao na sanduku la getuk mapajani, wakiombea asitokee jirani. Walitokea watatu.

"Mnaomba dua ya harusi?" aliuliza mmoja.

"Ndiyo, dua tu," alisema Warsiti, akitabasamu hadi mashavu yakamuuma.

Walipoingia ndani, Kasmuri alisema yote kwa pumzi moja, kisha akamalizia, "Wewe mwenyewe ulitufundisha, Kiai. Ulisema zama zile siyo zama hizi. Zama zile hapakuwa na kadi ya familia wala ada ya shule. Mimi nimemlea, nimemsomesha, nimemwogesha alipougua homa ya dengi. Mzazi ni nani basi? Nipe muktadha."

Kiai aliwasha sigara yake ya karafuu. "Kila mtu anakuja hapa kutaka muktadha. Mwenye riba anataka muktadha, mwenye kutaka mke wa pili anataka muktadha. Mnadhani muktadha ni duka la punguzo?"

"Kiai, tusitanie."

"Sitanii. Nimewafundisha kuuliza swali moja kabla ya yote. Aya iliposhuka, ilikuwa inamtetea nani? Haya, zama zile mwenye nguvu aliweza kuchukua mtoto wa asiye na nguvu, akampa jina lake, na jina la baba likafutika kana kwamba yule baba hakuwahi kuzaa. Aya ikasema hapana, haki zaidi ni kumwita kwa baba yake. Kulea haikukataza. Kulea ni thawabu. Ilikataza kufuta." Akawatazama wote wawili. "Huyo baba yu hai?"

Hilo ndilo swali waliloliogopa njia nzima.

"Yu hai," alisema Warsiti.

"Anakaa wapi?"

"Juu kule, kwenye viazi."

"Anajua binti yake anaolewa?"

Nje mtu alikohoa.

"Basi muktadha wenu ndio huo," alisema Kiai. "Mmekuja niwasomee aya kwa ajili yenu. Mimi naisoma namwona yeye."

Kasmuri uso ukamwiva. Alitaka kuinuka, mkewe akamshika msuli. Kiai akalegeza sauti. "Pak Kasmuri, sikiliza. Mkono utaushika wewe. Baba wa damu anaweza kukupa uwakala umwozeshe binti yake badala yake. Nendeni mkamwombe. Afisa wa ndoa nitamweleza mimi, karatasi zitarekebishwa mahakamani baadaye. Ila siku hiyo utatamka jina lake huyo. Na mwambieni msichana kwanza. Msimwache akaambiwe na spika."

Njiani Kasmuri alitangulia mbele hadi darajani. Hapo akatema mate. "Shehe wa kisasa! Kwa wengine aya ni mto, kwangu mimi ni jiwe."

* * *

Parijo aliwakaribisha kwa chai na viazi vya kuchemsha, bila chumvi. Nyumba ilikuwa ya mbao, sakafu ya udongo uliopigwa ukang'aa. Warsiti aliweka mezani sanduku la getuk na msuli mpya ungali kwenye karatasi yake. Parijo aliushika ule msuli, akaukunjua, akaupima urefu.

"Mzuri. Ndiyo thamani ya binti yangu hii, au kuna mwingine nyuma ya gari?"

"Kaka Parijo, usiseme hivyo," alisema Warsiti.

"Niseme vipi? Miaka ishirini na nne hujapanda huku. Leo umepanda. Nani kafa?"

Wakamweleza. Alisikiliza akimenya kiazi taratibu na kucha za kidole gumba, udongo umemjaa humo. Walipofika kwenye uwakala alicheka kwa kikohozi.

"Kumbe mnanihitaji. Nilidhani mmekuja kununua viazi."

Warsiti akainamisha uso.

"Unakumbuka, Siti? Ning alikuwa darasa la tatu. Niliteremka na gunia zima begani, nikabadilisha mabasi mawili. Mlango wa mbele ulikuwa na wageni, nikaenda wa nyuma. Akafungua yeye. Mrefu, meno mawili hana. Akaita ndani, 'Mama, kuna mzee wa viazi!' Nawe ukaja, ukaniangalia usoni, ukauliza bei gani."

"Kaka..."

"Ukanilipa mbele yake, nami nikapokea. Ungetaka nifanyeje? Nikikataa, mtoto angeuliza kwa nini mzee wa viazi hataki hela. Akaniletea maji kwenye gilasi ya plastiki, akasema, 'Kunywa, Mzee, kuna jua.' Hilo ndilo neno pekee mwanangu aliloniambia duniani."

Kasmuri alitazama mlango. Alikuwa mtu mwema, wateja wake wote watakuapia, na hapo alijiona mwizi, na mtu mwema akijiona mwizi hukasirika. "Ulimtoa kwa hiari yako," alisema.

"Nilimtoa ale. Sikumtoa anisahau. Mlisema akikua mtamwambia."

Kasmuri alikisukuma mbali kikombe chake cha chai.

Parijo alifuta mikono kwenye suruali, akamwita mwanawe mkubwa na jirani mmoja wawe mashahidi, akaunyoosha mkono juu ya maganda ya viazi. "Nimekupa uwakala, Kasmuri, umwozeshe binti yangu. Lakini jina langu litajwe kwa sauti. Nikae mbele, nisikie. Sitaki sare yenu wala picha. Na mumwambie nyinyi, kabla ya siku. Apa."

"Wallahi, tutamwambia," alisema Kasmuri.

* * *

Hawakumwambia.

Jumatatu Warsiti alisema mwambie wewe, wewe ndiye baba. Jumanne Kasmuri alisema mwambie wewe, yule ni ndugu yako. Jumatano tenti ikasimamishwa, na nyumba ikajaa mashangazi wa kumenya vitunguu. Hanif aliambiwa, ikabidi, naye akauliza swali moja tu, "Ning anajua?" Kasmuri akasema, "Leo jioni." Jioni ile Arifin akafika kutoka Surabaya na zawadi, na nani angeharibu jioni kama ile?

Tuseme ukweli wake, hofu ya Kasmuri haikuwa dhambi tena. Alikuwa anaogopa jicho la yule msichana. Akishajua, mimi nitakuwa nani? Muuza getuk aliyemlea. Alilala na wazo hilo na kuamka nalo.

Alasiri ya kuamkia harusi, Ning aliogeshwa uani kwa maji ya maua kama ilivyo desturi, amevaa shada la yasmini mabegani, anatetemeka na kucheka. Zamu ya baba ilipofika, Kasmuri akamwagia kata ya mwisho kichwani.

"Baba, kesho usilie kwenye maiki, tafadhali. Mtaa mzima watakucheka mpaka Ramadhani."

"Silii mimi."

"Unalia hata kwa tangazo la maziwa ya unga." Akajifuta macho. "Na nikija kupiga magoti, nitakuomba msamaha kwa yote. Pikipiki pia. Siyo mwizi aliyeikwaruza, ni mimi."

Kasmuri akafungua kinywa. Kata ilikuwa bado mkononi.

"Kajifute," alisema. "Utapata mafua."

Akatoka barabarani, akamkuta Toyib wa spika anafunga nyaya. Akamvuta pembeni. "Kesho, nikifika kwenye neno 'binti', zima maiki. Ukiona nimemeza mate na kushika mkono upya, washa."

"Kwa nini, Pak?"

"We zima tu. Bwana harusi atasikia, mashahidi watasikia, inatosha. Ning atakuwa chumbani, hatasikia. Tutamwambia kwa utaratibu wetu, harusi ikipita."

Toyib akainua mabega. Njia ya mwongo fupi, lakini ya Kasmuri ilikuwa na swichi, akadhani itafika mbali kidogo.

* * *

Parijo aliteremka asubuhi kwa pikapu ya kabichi. Alivaa shati la batiki lililofifia na kofia nyeusi iliyopigwa brashi, na msuli mpya. Begani alikuwa na gunia dogo la viazi, kwa sababu mtu haendi harusini mikono mitupu. Mpokea wageni, kijana wa kamati mwenye redio mkononi, aliona gunia kabla hajaona mtu.

"Viazi peleka nyuma, Mzee. Jikoni."

"Nimealikwa."

"Ndiyo, ndiyo. Nyuma."

Kasmuri aliyaona yale kutoka kwenye zulia. Viti vya mbele vilikuwa vimejaa watu wa Haji Masykur, baba wa bwana harusi, na diwani na mkewe. Angeweza kuinuka. Wengi wetu tulimwona anajiinua nusu, kisha anaketi tena na kunyoosha kola yake. Warsiti ndiye aliyetoka na kiti cha plastiki, akakiweka kando ya mlango wa jiko, akamletea boksi la chakula.

"Kaka, kaa hapa kwanza. Hapa kuna upepo."

"Mmemwambia?"

"Kaa kwanza, Kaka."

Chumbani, Ning alikuwa anachomekwa pini za yasmini nyweleni, akichungulia dirishani. "Mama! Yule si mzee wa viazi? Masikini, kazeeka. Nani kakumbuka kumwalika?" Mama yake, aliyeingia sasa hivi, akajishughulisha na kopo la pini. "Wamwongezee nyama, Mama. Mtu katoka mbali."

Ndipo spika ikakohoa, na sauti ya afisa wa ndoa ikafungua kwa salamu. Wanawake wakanyamaza. Bibi harusi hukaa ndani mpaka aozwe, na habari zake huzisikia kwa spika kama sisi wengine.

Kasmuri akaushika mkono wa Hanif. "Nakuoza wewe, Hanif bin Masykur, na Rahayuningsih binti..."

Spika ikafa. Tuliona midomo yake inacheza, kisha akameza mate, akashika mkono upya, na sauti ikarudi, "...kwa mahari ya gramu tano za dhahabu na mavazi ya kuswalia, taslimu." Hanif, jasho linamtoka, akakubali haraka haraka.

"Mashahidi?" aliuliza afisa.

"Aa, hapana!" Haji Masykur aliinua mkono. Ni mtu wa herufi kwa herufi yule. Mwanawe alimficha, naye hakujua lolote. "Jina hatukulisikia. Maiki imekatika. Ndoa ya mwanangu hainunuliwi gizani, irudiwe!"

"Mimi nimesikia," alisema Hanif.

"Wewe siyo shahidi!"

Watu wakacheka. Kando ya jiko, Parijo hakucheka. Alikuwa ametoka milimani kusikiliza neno moja, na macho yake hayakubanduka kwenye ile taa nyekundu ya mashine ya Toyib. Aliiona inazimika kwenye jina lake na kuwaka baada yake. Akaliweka boksi la chakula juu ya kiti, halijafunguliwa, akapita mlango wa nyuma, ule ule wa zamani. Injini ya pikapu ikaunguruma.

Kiai Zamroni, aliyeketi kama shahidi wa pili, alimtazama Kasmuri kwa huzuni, na pia kwa hasira. "Mwambie Toyib asiguse swichi. Rudia, Pak. Sauti yote."

Kasmuri akarudia. Alipofika kwenye "binti" akasimama, na katika spika zote, ile ya tenti, ile ya barabarani na ile iliyofungwa kwenye shina la mnazi wa jirani, tukasikia pua yake inavuta. Halafu: "binti Parijo, ambaye walii wake amenipa uwakala." Lilikwenda hadi mashamba ya mpunga lile jina. Kama pikapu ilikuwa bado karibu, alilisikia. Kama ilishapita darajani, hakulisikia. Hatujui.

"Sahihi!" walisema mashahidi.

Chumbani, Ning alicheka peke yake. "Jamani Baba! Nilimwambia asilie, ona sasa, kakosea hadi jina." Aliwageukia mashangazi. Hakuna aliyecheka. Mmoja akaanza kupanga pini zilizokwisha kupangwa. "Parijo ndiye nani?" Akamtazama mama yake, na Warsiti, kwa ile akili ya woga isiyosubiri ruhusa, akatupa jicho dirishani kuelekea mlango wa jiko, kisha akalirudisha haraka. Alichelewa, Ning alishaliona.

Ning aliganda, pini moja ikiwa bado mkononi mwa mpambaji. "Ulimuuliza bei gani," alisema taratibu. "Mimi nilikuwepo."

* * *

Wakati wa magoti ulipofika, wazazi waliketi kwenye viti viwili vya kuchongwa, vitambaa mapajani, kama ilivyopangwa. Mtangazaji akatia sauti ya kilio, akasema sasa binti anawaomba radhi waliomleta duniani. Ning alitoka na vazi lake jeupe la kebaya, macho makavu, Hanif pembeni yake. Alifika mbele ya Kasmuri. Yule baba alikuwa ameshaanza kulia, amenyoosha mikono kumpokea.

"Ning, mwanangu..."

"Baba, yeye anaketi wapi?"

"Nani?"

"Usiniulize nani."

Kasmuri alielekeza kwa kidevu upande wa jiko. Ning akawapita, akapita viti vya mbele, diwani akavuta miguu yake kumpisha, akapita meza za wali, mkia wa nguo unazoa makombo. Kando ya jiko alikuta kiti cha plastiki, boksi la chakula juu yake, na gunia dogo la viazi limeegemea mguu wa kiti. Akafungua mlango wa nyuma. Barabara ilikuwa tupu, ina moshi.

Warsiti alimfuata mbio, sandali moja imemtoka. "Ning, rudi. Tutakueleza. Wageni wanatazama, mwanangu."

"Watazame."

Akaliondoa boksi, akaliweka chini. Kisha akapiga magoti mbele ya kile kiti, akaweka paji la uso pale mtu anapokaa, na yasmini zikamwangukia mabegani. Mpiga picha alikuwa amelipwa kupiga picha za magoti. Akasogea, akazipiga.